Kongamano la Nje ya Nchi: Mfunge Ngamia Kwanza



Ndugu zangu wanafunzi, wapo wenzetu ambao utafiti wao hukubaliwa katika makongamano ya kisayansi ng'ambo, kisha hawaendi. Kazi yao ni nzuri, lakini viza imechelewa au fedha hazikutimia. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu, alimwelekeza amfunge kwanza, kisha ategemee. Tujifunze basi namna ya kumfunga.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kampala aliyealikwa kwa siku tano katika kituo cha fizikia cha ICTP, mjini Trieste, Italia. Anasafiri tarehe 15 Juni.

1. Viza: hesabu kurudi nyuma

Viza ya Schengen, inayotumika Italia, huanza kupokelewa maombi miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Kwa mwenzetu huyu, ni kuanzia 15 Desemba hadi 31 Mei. Lakini asiitegemee hiyo 31 Mei. Kwa kawaida uamuzi huchukua siku 15, na ubalozi ukitaka kuchunguza zaidi, sheria inauruhusu kufika siku 45. Rudi nyuma siku 45 kutoka 15 Juni, unafika tarehe 1 Mei. Kwa hiyo maombi yawe yameingia Aprili, na miadi ya kuyapeleka itafutwe Machi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa halali miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka huko. Andaa barua ya mwaliko, barua ya chuo, ushahidi wa malazi na fedha, na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Ada ni euro 90, na hairudishwi viza ikikataliwa. Anayeomba mara ya kwanza huenda mwenyewe kutoa alama za vidole. Dada zetu, picha yenye hijabu inakubaliwa, mradi uso wote uonekane.

Usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na cheti chake sasa ni cha maisha.

2. Fedha: uliza kabla ya kufurahi

Makongamano mengi hutoza ada ya kushiriki. ICTP haitozi kwa shughuli zake, na huwa na fungu la kuwasaidia baadhi ya washiriki kutoka nchi zinazoendelea. Msaada huo huombwa pamoja na maombi ya kushiriki, basi usione haya kuuomba.

Ukipata mfadhili, muulize swali moja mapema: atakata tiketi yeye, au utakata wewe kisha akurudishie? Hapa ndipo wengi hunaswa. Barua inasema nauli italipwa, kumbe italipwa baada ya safari. Mwanafunzi asiye na kitu anakimbilia mkopo wa simu wenye riba. Ndugu, usianze safari ya elimu kwa jambo aliloliharamisha Allah. Mwandikie mfadhili ueleze hali yako, akikatie yeye. Akishindwa, nenda idarani kwako, au kwa jamaa wanaoweza kukupa karadha njema.

Wala usiazime fedha za kulala wiki moja katika akaunti ili taarifa ya benki ipendeze. Huo ni udanganyifu. Barua ya kweli ya mfadhili ina nguvu kuliko salio la uongo.

Dada anayesafiri na mahram ahesabu gharama za watu wawili, na maombi ya viza yote mawili yaende pamoja.

3. Ibada: ipangie nafasi yake

Katika madhehebu ya Shafii, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huwa hapunguzi sala tena akishafika. Kongamano la siku tano lafikia kiwango hicho. Kupunguza kwako kutakuwa njiani. Mwulize sheikh wako kabla ya kuondoka.

Kampala tunaelekea kaskazini, tukiinama kidogo mashariki. Trieste kibla kiko kusini-mashariki. Mwezi Juni jua huko huzama karibu saa tatu usiku, basi Isha huwa usiku sana na Alfajiri huja mapema mno. Panga usingizi wako, na pengine ulale kidogo mchana.

Ukipokea barua ya kukubaliwa, waandikie waandaaji wasikuweke kuzungumza Ijumaa mchana, na waeleze kuhusu chakula chako. Ratiba ikishachapishwa, kuibadilisha ni vigumu.

4. Kazi iliyokupeleka

Uliza vipimo vya bango. A0 ni sentimita 84.1 kwa 118.9, na likichapishwa kwenye kitambaa hukunjwa ndani ya begi. Kama utazungumza, fanya mazoezi kwa saa mbele ya wenzako. Andika majina ya watu watano unaotaka kuonana nao, na swali moja kwa kila mmoja. Tunza risiti zote, maana fedha ya safari ni amana.

Viza ikikataliwa, wajulishe waandaaji siku hiyo hiyo, ili nafasi yako apewe mwingine, na uulize kama unaweza kuwasilisha kwa njia ya mtandao. Ukishafanya yote haya, ngamia amefungwa. Lililobaki mwachie Mwenyezi Mungu.

Wabillahi tawfiq.