Upasuaji wa Matiti na Kunyonyesha: Uliza Kabla, Usifiche Baadaye



Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo zamani nisingefikiri kuliandika katika ukurasa huu: upasuaji wa kubadili matiti kwa ajili ya urembo. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wacheza sinema wa Ulaya. Sivyo tena. Upasuaji huu unafanyika hata katika hospitali kubwa za miji yetu, na wengine husafiri hadi India au Uturuki kuutafuta. Nasi katika wodi ya wazazi tumeanza kuwapokea akina mama waliokwisha kufanyiwa.

Mmoja wao alikuja na mtoto wake wa kwanza akiwa na umri wa siku saba. Mtoto alizaliwa na kilo 3.2, lakini siku hiyo mizani ilionyesha kilo 2.7. Midomo yake ilikuwa mikavu, na nepi haikulowa tangu asubuhi. Mama akasema, "Sista, nanyonyesha usiku na mchana." Nilipomsaidia kumweka mtoto titini, niliona kovu jembamba limeizunguka chuchu. Mama mkwe alipotoka nje nikamwuliza taratibu. Akalia. Alipunguzwa matiti miaka minne kabla ya ndoa, na hakumwambia mtu, hata kule kliniki ya wajawazito. Mtoto yule alipona, namshukuru Mungu. Lakini siku saba za njaa zingeweza kuepukwa kama sisi wauguzi tungejua mapema.

Titi linavyofanya kazi

Ndani ya titi kuna tezi zinazotengeneza maziwa, na mirija myembamba inayoyaleta kwenye chuchu. Kuna pia mishipa ya fahamu. Mtoto anapovuta chuchu, mishipa hiyo hupeleka habari kwenye ubongo, na ubongo huachilia homoni mbili. Prolaktini huziamuru tezi zitengeneze maziwa, na oksitosini huyasukuma yatoke. Kwa hiyo ili mtoto ashibe, tezi ziwepo za kutosha, mirija iwe wazi, na mishipa ya fahamu iwe hai.

Sehemu kubwa ya ukubwa wa titi kabla ya mimba ni mafuta tu. Dada mwenye matiti madogo asidhani kwamba atakosa maziwa. Wengi wenye matiti madogo wamelea watoto wanene!

Aina tatu za upasuaji

1. *Kuongeza matiti.* Daktari huingiza kifuko cha silikoni kilichojazwa jeli au maji ya chumvi. Madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow wa Houston, Marekani, ndio walioweka vifuko vya kwanza vya jeli ya silikoni, mwaka 1962. Wanawake wengi wenye vifuko huweza kunyonyesha, ila baadhi hupungukiwa maziwa. Mahali pa kukata pana maana kubwa: kukata kuzunguka chuchu kunaweza kudhuru mirija na mishipa ya fahamu kuliko kukata chini ya titi au kwapani. Kifuko kikiwekwa moja kwa moja nyuma ya tezi kinaweza kuzibana. Kikiwekwa chini ya msuli wa kifua, tezi hubanwa kidogo zaidi. Haijaonekana kwamba maziwa ya mama mwenye vifuko vya silikoni humdhuru mtoto. Lakini vifuko havidumu maisha yote. Huweza kupasuka au kubanwa na kovu, na hapo mama hurudi tena chumba cha upasuaji.

2. *Kupunguza matiti.* Hapa tezi huondolewa pamoja na mafuta, kwa hiyo hatari ya kupungukiwa maziwa ni kubwa zaidi. Chuchu ikiachwa imeshikamana na tezi na mirija iliyo nyuma yake, tumaini la kunyonyesha ni zuri. Ikikatwa kabisa na kupandikizwa upya, mirija na mishipa yote hukatika, na kunyonyesha huwa karibu haiwezekani. Hata hivyo tusiwahukumu dada zetu. Wengi hupunguzwa kwa sababu ya maumivu ya mgongo na shingo, mabega yanayokatwa na kamba za sidiria, na vidonda chini ya titi visivyopona. Hayo ni matibabu, si majivuno.

3. *Kuinua matiti.* Ngozi iliyozidi huondolewa na chuchu husogezwa juu. Madhara hutegemea jinsi chuchu ilivyosogezwa na kama tezi ziliguswa.

Wapo pia wanaouza vidonge, mafuta ya kupaka na sindano za kukuza matiti mitaani. Tafadhali, msikubali. Silikoni ya majimaji ikichomwa mwilini huweza kusambaa, kuleta uvimbe na makovu, na hata kuua.

Je, kunyonyesha huangusha matiti?

Wasichana wengi huniuliza swali hili, na wengine huacha kunyonyesha mapema kwa hofu hiyo. Jibu ni hapana. Kinachoyalegeza matiti ni mimba zenyewe, umri, kunenepa na kukonda, na uvutaji wa sigara. Anayemnyima mtoto titi ili alinde umbo lake hapati faida yoyote, na mtoto hupata hasara.

Kabla ya kukatwa, uliza

Binti au mama anayefikiria upasuaji huu amwulize daktari bila aibu:

- Utakata wapi? Je, chuchu itabaki imeshikamana na tezi zake?
- Tezi kiasi gani zitaondolewa?
- Nikitaka kunyonyesha baadaye, unaweza kuchagua njia nyingine?
- Kuna hatari gani za kuvuja damu, maambukizi na ganzi ya chuchu?
- Nitahitaji upasuaji mwingine baada ya miaka mingapi?

Daktari asiyependa kuulizwa maswali haya, mwache, tafuta mwingine. Kama hakuna ugonjwa unaokulazimisha, ni heri kungoja hadi umalize kuzaa, kwa kuwa kila mimba hubadili matiti tena na kazi ya daktari huharibika. Aliyetoka kunyonyesha angoje miezi kadhaa hadi maziwa yakauke na matiti yatulie. Tena jiulize: ni mimi ninayetaka, au ni maneno ya mchumba na picha za kwenye simu?

Baada ya kukatwa, usifiche

Kama ulishafanyiwa upasuaji, kunyonyesha hakujakwisha. Mwambie mkunga katika hudhurio la kwanza la kliniki. Hatutakucheka, na siri yako ni yetu. Kisha tutafanya hivi:

- Mtoto awekwe titini ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na anyonye mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku pia.
- Mama akamue kwa mkono baada ya kunyonyesha, ili matiti yaamshwe zaidi.
- Mtoto apimwe uzito mara kwa mara. Kupungua kidogo siku za mwanzo ni kawaida, lakini akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa aonwe haraka. Kufikia wiki mbili hivi awe ameurudia uzito huo.
- Hesabu nepi. Baada ya siku ya tano, mtoto aliyeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa siku. Mtoto anayelala mno na kushindwa kunyonya naye aletwe upesi.
- Maziwa yasipotosha, mtoto huongezewa kwa kikombe kwa ushauri wa muuguzi, huku akiendelea kunyonya. Msimpe uji wala maji ya sukari kwa kubahatisha nyumbani.

Siku ya tatu hadi ya tano sehemu ya titi inaweza kuvimba na kuuma, kwa kuwa mirija yake ilikatwa na maziwa hayana pa kutokea. Kitambaa cha maji baridi husaidia, na baada ya siku chache sehemu hiyo huacha kutengeneza maziwa. Ukipata homa na titi likawa jekundu, njoo hospitali.

Maziwa kidogo ya mama si bure. Hata yakiwa nusu ya mahitaji, yana kinga ambayo maziwa ya kopo hayana. Tena mishipa ya fahamu huweza kupona kadiri miaka inavyopita, na wengine hupata maziwa zaidi kwa mtoto wa pili.

Kanisa linasemaje?

Tarehe 4 Oktoba 1958, siku chache kabla ya kufariki, Papa Pius XII aliongea na madaktari wa upasuaji wa namna hii. Alifundisha kwamba kurekebisha umbo si dhambi kwa kwenyewe. Tuangalie nia, sababu na hatari zake. Naye hayati Papa Fransisko, alipobatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, aliwahimiza akina mama wawanyonyeshe humo humo bila aibu watoto wakiona njaa.

Akina baba, nanyi mnahusika. Mke anayesikia kila siku kwamba matiti yake yamechakaa huanza kutafuta kisu. Matiti hayo yamewalisha watoto wenu. Mwambieni asante.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogondogo

1. Ni maneno gani tunayosema nyumbani yanayowafanya mabinti wauchukie mwili wao?
2. Tumsaidieje mama mwenye maziwa machache bila kumwaibisha?
3. Je, katika jumuiya yetu kuna mama aliyejifungua ambaye mtoto wake hajapimwa uzito wiki hii? Nani atamsindikiza kliniki?

Mungu awabariki nyote, na Mama Bikira Maria awaombee.