Mfupa Uliochongwa Usiupanguse: Namna ya Kusoma Alama za Kazi kwa Hadubini

Anayechimba msingi wa nyumba au duara (shimo la kuchimbia dhahabu) kati ya Buzwagi na Geita, akikuta mfupa wenye ncha au kipande cha kombe kilichotobolewa, mara nyingi hukipangusa kwanza kwa shati ili akione vizuri. Hapo ndipo hasara inapoanza. Dhahabu ya ukanda huu hukaa sana kwenye mishipa ya kwatzi, lile jiwe jeupe linalosagwa kwenye karasha, na vumbi lake limetanda kila mahali. Katika kipimo cha Mohs, ugumu wa kwatzi ni 7, wa madini ya mfupa ni kama 5, na wa kombe ni kati ya 3 na 4. Kitambaa chenye vumbi hilo huchora michirizi mipya juu ya ile iliyoachwa na mtu wa kale.

Kwa hiyo simamisha kazi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hairuhusu kufukua vitu vya kale bila leseni. Toa taarifa serikalini ili Idara ya Mambo ya Kale ijulishwe. Ukiwa unasubiri, piga picha kitu kikiwa palepale, weka rula kando yake, kifunike, na weka mbali dizeli na zebaki. Nasisitiza haya kwa sababu udongo wenye asidi huula mfupa. Mifupa hudumu zaidi palipokuwa na majivu ya jikoni, chini ya miamba inayokinga mvua, au ndani ya lundo la makombe. Kilichosalimika nje ya hapo ni adimu.

Sasa nasema na mwenye kibali, mwanafunzi wa akiolojia au mtaalamu wa miamba aliyeombwa kusaidia. Masalia, yaani mabaki ya vitu ambavyo kifaa kilivigusa, huchunguzwa kabla ya kusafisha. Vaa glovu zisizo na poda, maana poda ya baadhi ya glovu ni wanga wa mahindi, na wanga ndio unaoutafuta. Kwa sababu hiyo hiyo, ugali usiliwe kwenye meza ya kazi. Chukua pia udongo wa pembeni mwa kifaa: chembe za wanga zilizoko kwenye ncha zikiwa zimejaa vilevile kwenye udongo, hazithibitishi kitu. Dondosha tone la maji safi ya maabara kwenye ncha, livute kwa pipeti, liweke kwenye slaidi. Chini ya mwanga uliopitishwa katika vichujio viwili vya polaroidi, chembe ya wanga huonyesha msalaba mweusi juu ya duara jeupe. Kuhusu wekundu, uwe na shaka sana: udongo wa huku wenyewe ni mwekundu kwa chuma, basi usitangaze kuwa umepata rangi ya kujipaka mpaka uone imekusanyika sehemu moja na udongo wa kando hauna.

Kombe lisiguswe na siki wala ndimu. Asidi huyeyusha uso wake na alama zote.

Kwa alama za matumizi, anza na hadubini ya kukuza mara 10 hadi 50, kisha panda hadi mara 100 na 200 kwa mwanga unaoakisiwa. Hadubini ya aina hiyo ndiyo wataalamu wa madini wanayotazamia pairiti na dhahabu katika mwamba, hivyo katika ukanda wa migodi si kifaa kigeni. Swali la kwanza ni mahali alama zilipo. Alama za kazi hukolea kwenye ncha au ukingo na kufifia kuelekea mshikio. Za kukanyagwa hutawanyika ovyo. Meno ya panya huacha mifereji sambamba, na mizizi huacha vijia vilivyopindapinda. Mchirizi wenye rangi nyepesi kuliko uso unaouzunguka ni wa juzi, pengine wa koleo. Michirizi inayoizunguka ncha inaonyesha kifaa kilizungushwa. Inayofuata urefu wake, kilisukumwa. Tundu la kombe lililoning'inizwa kwa uzi huwa limelika upande mmoja na kulainika.

Yote hayo hayana uzito bila majaribio, njia ambayo Mrusi Sergei Semenov aliijengea msingi katika kitabu chake cha 1957. Kwa Usukuma, mifupa ya ng'ombe si tatizo. Chonga misharasi (vifaa vya kutobolea) kadhaa. Mmoja utoboe ngozi mbichi ya mbuzi, mwingine ngozi kavu, wa tatu usuke nao nyasi. Usichanganye kazi katika kifaa kimoja. Piga picha kila baada ya robo saa, kwa ukuzaji uleule, uone ncha inavyoviringika na mng'ao unavyokua.

Katika Pango la Kuumbi, Unguja, vifaa saba vya mfupa vya takriban miaka 13,000 vilichunguzwa: ncha tano za silaha, msharasi mmoja na kibomba chenye mikato. Wembamba wa ncha hizo uliwafanya watafiti wapendekeze kuwa zilipakwa sumu. Ni pendekezo, na lilitolewa hivyo. Nawe katika ripoti yako andika “ilitoboa kitu laini” ikiwa hicho ndicho ulichokiona. Aina ya mnyama iandike pale tu masalia yenyewe yatakapoitaja, na sehemu ya uso wa kifaa iachwe bila kuguswa kwa ajili ya atakayekuja na kipimo bora.