Kompyuta na Somo la Kemia: Tujifunze Kabla ya Kuchangia

Ndugu wanakamati wa parokia, na ninyi wafadhili wetu, somo letu katika toleo hili linahusu jambo ambalo limeletwa mezani katika vikao kadhaa: kununua kompyuta na programu za kufundishia na kupimia wanafunzi wa kemia katika shule zetu za sekondari. Jambo hili ni jema. Lakini ni la fedha nyingi, na fedha hizo hutoka kwa mkulima aliyeuza kahawa yake na kwa watu wa mbali wanaotuamini. Ndiyo maana tunaomba tulisome kwanza, kisha tuamue.

KEMIA IKO SHAMBANI KWETU

Mkulima wa Mpepai anaifahamu kemia hata kama hakuisoma darasani. Anapochanganya dawa ya shaba kuzuia chule buni na kutu ya majani, anapima dawa kwa maji. Anapokoboa kahawa mbivu na kuichachusha, anangoja ule utelezi ulegee ndipo aoshe. Mtaalamu akimshauri kutia chokaa kwenye udongo wenye uchachu, hiyo ni asidi na besi.

Mtoto wake akiingia Kidato cha Kwanza anakutana na mambo hayo hayo kwa majina mageni, kwa Kiingereza, baada ya kusoma kwa Kiswahili miaka yote ya shule ya msingi. Tena anaambiwa habari za atomu na molekuli, vitu ambavyo hakuna aliyeviona kwa macho. Wengi hukariri bila kuelewa, na mtihani huwaumbua.

PROGRAMU HIZI HUFANYA NINI

Wazo lenyewe si geni. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilianza mfumo wa kufundishia kwa kompyuta ulioitwa PLATO mwaka 1960, na baadaye masomo ya kemia yaliwekwa humo. Siku hizi kazi za programu hizi ni mbili kubwa.

Kazi ya kwanza ni kuonyesha kisichoonekana. Mfano mzuri ni PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001. Mwanafunzi anaunda atomu mwenyewe kwa kuongeza protoni na elektroni. Anasawazisha mlinganyo wa kemia na kuona mizani ikilala upande mmoja mpaka apate hesabu sawa. Anaongeza maji kwenye asidi na kuona kipimo cha uchachu kikibadilika. Michezo hiyo ni ya bure, inaweza kutumika bila intaneti ikishapakuliwa, na baadhi yake imetafsiriwa kwa Kiswahili.

Kazi ya pili ni kupima. Mwalimu mwenye darasa kubwa husahihisha madaftari mpaka usiku, na mwanafunzi hupata majibu yake wakati somo limekwisha pita. Programu husahihisha papo hapo. Ile iliyo nzuri haisemi tu "umekosa", bali huonyesha umekosa wapi. Tuchukue swali hili: mililita 20 za asidi ya salfa zimemaliza nguvu ya mililita 25 za magadi makali yenye moli 0.1 kwa lita. Asidi ina moli ngapi kwa lita? Jibu sahihi ni 0.0625. Aliyejibu 0.125 amesahau kwamba sehemu moja ya asidi hiyo huhitaji sehemu mbili za magadi. Aliyejibu 0.04 amegeuza vipimo viwili vya ujazo. Wote wamekosa, lakini dawa zao ni tofauti, na mwalimu akijua hivyo atawasaidia kila mmoja kwa haja yake.

Kwa shule isiyo na intaneti ipo programu ya bure iitwayo Kolibri, ya shirika la Learning Equality. Kompyuta moja huhifadhi masomo, na kompyuta au simu nyingine huunganishwa nayo humo humo shuleni. Mwalimu anaweza kutoa jaribio na kuona nani amekwama.

MIPAKA YAKE

Tusidanganyane. Kwanza, jaribio la kuchagua jibu moja kati ya manne humpa mwenye kubahatisha wastani wa maswali 10 katika 40 bila kujua lolote. Alama hizo peke yake si ushahidi wa elimu.

Pili, mtihani wa kemia wa Kidato cha Nne una karatasi ya vitendo. Hapo mwanafunzi hushika bureti kwa mkono wake, hufungua koki tone kwa tone, na kusimama rangi inapobadilika. Kwenye kompyuta chombo hakivunjiki, mkono hautetemeki na asidi haiunguzi. Anayejifunza kwa kioo tu atafika kwenye meza ya mtihani akiwa mgeni.

Wengi wetu tunakumbuka michango ya mwaka 2014, wananchi walipojenga maabara za fizikia, kemia na baiolojia katika shule za kata kufuatia agizo la Rais Kikwete. Jengo la maabara lisilo na kemikali haligeuki kuwa maabara kwa kuwekewa kompyuta.

KOSA LETU

Tunapaswa kukiri. Tuliwahi kusaidia shule moja kupata kompyuta za mezani zilizokwisha tumika, pamoja na CD za masomo ya sayansi. Tulipiga picha siku ya makabidhiano, tukaondoka. Tuliporudi tulikuta chumba kimefungwa na mashine zimefunikwa vitambaa. Mwalimu aliyefundishwa kuzitumia alikuwa amehamishwa, na hakukuwa na fungu la matengenezo. Zile CD nazo zilitegemea programu ya Flash, ambayo wenyewe waliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020. Walimu hawakuwa wazembe. Sisi ndio tuliotoa vitu bila kuuliza maswali.

MPANGILIO TUNAOUPENDEKEZA

1. Kemikali, bureti, maji na mwalimu vitangulie. Bila hivyo, fedha ya kompyuta isubiri.

2. Tuanze na kompyuta ndogo moja na projekta. Mwalimu aonyeshe darasa zima jaribio la kuigiza, kisha wanafunzi waingie maabara wakijua wanachokitafuta. Kemikali chache zitapotea kwa makosa.

3. Tufundishe walimu wawili au zaidi, ili mmoja akihamishwa kazi isife.

4. Tupige hesabu ya umeme. Kompyuta 20 za mezani zinazotumia wati 100 kila moja zinahitaji wati 2,000. Kompyuta 20 za kupakata zenye wati 30 zinahitaji 600 tu. Kwa shule ya umeme wa jua, tofauti hiyo ni paneli na betri nyingi.

5. Tutenge fedha ya matengenezo tangu siku ya kwanza.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: msishangae tukiwaomba bureti kabla ya kompyuta. Bureti haipendezi sana kwenye picha, lakini bila hiyo mtoto hajui kwa nini rangi ilibadilika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

– Je, wanafunzi wa shule yetu wamefanya majaribio ya vitendo mara ngapi muhula huu? Tumewauliza wao wenyewe?

– Nani atashika ufunguo wa chumba cha kompyuta, na kitafunguliwa saa ngapi?

– Mashine ikiharibika, fundi atalipwa kutoka fungu gani?

– Baada ya mwaka mmoja tutajuaje kwamba watoto wameelewa zaidi?

Kamati ikiweza kujibu maswali haya manne kwa maandishi, ituletee ombi lake. Tutalipokea kwa furaha na kulifanyia kazi pamoja.