Kurejesha au Kufuta? Istilahi za Ukarabati wa Tarakilishi Isiyo na Diski ya Usakinishaji

Utangulizi

Mji wa Sondu uko kando ya mto Sondu Miriu, mpakani mwa Kisumu na Kericho. Sokoni mwake Waluo na Wakipsigis hukutana kuuza na kununua, na Kiswahili huwa daraja baina yao. Kiswahili hicho hicho ndicho kinachomfaa fundi wa tarakilishi anapomweleza mteja kwa nini mashine yake imegoma. Makala haya yanachunguza iwapo istilahi zilizopo zinamwezesha kueleza bila kupotosha, hasa pale diski ya usakinishaji inapokosekana.

Kuwaka na Kufunguka

Vitenzi viwili vya kawaida vinatosha kubainisha hitilafu kabla bisibisi haijashikwa. Tarakilishi isiyowaka haipati umeme. Waya, chaja na betri ndivyo vya kuchunguzwa kwanza. Tarakilishi inayowaka lakini haifunguki imepata umeme, ila imeshindwa kuusoma mfumo wa uendeshaji kutoka kwenye diski kuu. Huenda flashi iliyosahauliwa inaizuia, faili za kuanzishia mfumo zimeharibika umeme ulipokatika ghafla, au diski yenyewe imechakaa.

Hatua za ukarabati hufuata mantiki hiyo. Kwanza, flashi na diski zote hutolewa, kisha mashine huwashwa upya. Pili, hujaribiwa hali salama: katika Windows XP na Windows 7, kitufe cha F8 hubonyezwa kabla ya nembo kutokea, katika Windows 10 na 11, menyu ya ukarabati kwa kawaida hujitokeza yenyewe baada ya mashine kushindwa kufunguka mara kadhaa mfululizo. Tatu, hatua hizo zisipofaulu, faili za mwenye mashine huokolewa. Mfumo kama Ubuntu, unaotolewa bure tangu mwaka 2004, huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa, na faili zikanakiliwa kwingine. Nne, flashi ya usakinishaji hutengenezwa kwa kutumia tarakilishi nyingine iliyo nzima.

Utata wa "Kurejesha"

Watengenezaji wengi waliacha kutoa diski, badala yake wakahifadhi nakala ya mfumo katika sehemu iliyofichwa ya diski kuu. Hapo ndipo neno "kurejesha" linapozua hatari, kwa kuwa hubeba dhana tatu. Kurejesha faili ni kuzipata zilizopotea. Kurejesha mfumo ni kuurudisha katika hali ya tarehe iliyopita, na kwa kawaida hati za mtumiaji haziguswi. Kurejesha hali ya kiwandani, aghalabu, ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Mwanafunzi wa uzamili ambaye tasnifu yake imo humo, akiulizwa "Turejeshe?", ataitikia kwa furaha akidhani anarejeshewa kazi yake, kumbe anaidhinisha ifutwe.

Tatizo hili halitokani na uchache wa istilahi. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na baadaye Microsoft ikatoa violesura vya Kiswahili vya Windows na Office. Kazi hizo zilimlenga zaidi mtumiaji ambaye mashine yake imekwisha kufunguka. Yule ambaye yake imekwama kwenye skrini nyeusi hutegemea ulimi wa fundi.

Hitimisho

Makala haya yanapendekeza dhana hizo tatu zitenganishwe: "kuokoa faili", "kurudisha mfumo nyuma" na "kufuta na kusakinisha upya". Istilahi ya tatu ni ndefu, lakini inataja wazi hasara iliyomo, na mteja akiisikia atauliza swali linalostahili kabla ya kukubali. Mjadala wa tarakilishi, kompyuta na ngamizi umechukua nafasi kubwa katika semina za Kiswahili. Vitenzi navyo vinahitaji kuangaliwa vivyo hivyo, kwani mashine huitikia jina lolote, ilhali kitenzi kimoja kisichoeleweka hutosha kupoteza kazi ya miaka miwili. Wanaistilahi wana la kujifunza mezani pa fundi, ambako kila neno hupimwa kwa matokeo yake.