Mtindi, Mgando na Jibini: Majina ya Maziwa na Yale Yasiyosemwa na Majina

Maziwa yakamuliwayo alfajiri katika maboma ya wafugaji wa Kimaasai na Kibarbaig, pande za Chalinze na bonde la mto Wami, yasipopata moto wala baridi huwa yamekwisha kuchachuka kabla ya siku ya pili kupambazuka. Watu wa Bagamoyo huyaita mtindi au maziwa mgando; jirani zao wa Kenya huyaita maziwa lala. Yakichujwa maji yake, kibakiacho ni jibini laini. Kila jina lina ukweli wake, lakini liko jambo moja kubwa lisilotajwa na hata jina moja kati ya hayo.

MAJINA

Neno "lala" lataja muda: maziwa yamelala usiku kucha. Neno "mgando" lataja hali: yameganda. "Jibini" ni neno la asili ya Kiarabu, kama lilivyo "samli". Si ajabu kwamba lilikopwa. Mbung'o wa vichaka vya pwani na ugonjwa wa ndigana uletwao na kupe viliwazuia watu wengi kufuga ng'ombe, na mpishi wa pwani alizoea zaidi tui la nazi kuliko maziwa.

MAZIWA HUGANDAJE?

Katika kila gramu 100 za maziwa ya ng'ombe, kadiri ya gramu 87 ni maji. Zilizosalia ni mafuta, protini, madini, na sukari iitwayo laktosi. Protini iliyo nyingi kuliko nyingine zote ni kaseini, ambayo huelea katika maji kwa chembe ndogo mno zinazosukumana zisishikane.

Bakteria wa mtindi hula laktosi na kutoa asidi. Asidi inapoongezeka, nguvu ile ya kusukumana hupungua. Kipimo cha asidi kiitwacho pH kikishuka kutoka kama 6.6 hadi kufikia 4.6, chembe za kaseini hushikana na kufanya utando laini unaonasa maji na mafuta. Huo ndio mgando. Ukipashwa moto kidogo, utando hujikunja na kuyatoa maji yake.

JIBINI HIYO UGENINI

Huko Uskoti, wakulima walikuwa wakiengua mafuta ya maziwa ili kupata siagi, kisha wakayaacha yaliyobaki yachachuke karibu na meko, wakayapasha moto na kuyachuja kwa kitambaa. Jibini hiyo huitwa "crowdie", neno ambalo pia ni jina la unga wa oti uliokorogwa kwa maji. Katika lugha ya Kigaeli jibini hiyo huitwa "gruth". Karibu zaidi nasi, Waethiopia hutengeneza "ayib" kwa kupasha moto mtindi uliokwisha kutolewa siagi. Majina ni mbali mbali, lakini kanuni ni ile ile: asidi, joto na kuchuja.

JAMBO LISILOTAJWA

Hakuna jina kati ya hayo linaloeleza kama maziwa yalichemshwa. Maziwa mabichi yaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe, na vile vya brusela, ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba na unaompa mwanadamu homa ya kurudi-rudi na maumivu ya viungo. Wengi hudhani kwamba uchachu huviua vijidudu hivyo. Dhana hiyo si ya kutegemewa: jibini laini ya maziwa mabichi ni njia ijulikanayo ya kuenea kwa brusela. Kinachoviua kwa hakika ni moto. Nyuzi 72 za sentigredi kwa sekunde 15 zatosha. Nyumbani, ambako hakuna kipimajoto, maziwa na yachemke kabisa.

Lakini moto huo huo huwaua pia bakteria wa mtindi. Maziwa yaliyochemshwa yakiachwa hivi hivi yaweza kuoza badala ya kuchachuka vizuri. Hivyo budi yatiwe mbegu.

UTARATIBU

1. Chemsha maziwa, kisha yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu.
2. Tia vijiko vichache vya mtindi mzuri uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Koroga, funika, acha usiku mmoja.
3. Yakisha ganda, pasha moto polepole bila kuchemsha mpaka maji yajitenge. Moto ukizidi, jibini huwa kama mchanga.
4. Mimina katika kitambaa safi cha melimeli kilichochemshwa, funga, ning'iniza. Kazi hii yafanana na kuchuja tui kwa kifumbu, ila kifumbu chenyewe kisitumiwe, kwa kuwa ukili huficha uchafu.
5. Tia chumvi kidogo. Pasipo na jokofu, jibini iliwe siku hiyo hiyo.

Maji yaliyochujwa yasimwagwe: yana sukari na madini, nayo yafaa kupikia uji au kunywesha mifugo. Na anunuaye mtindi sokoni asitosheke kuuliza jina wala bei. Aulize kwanza kama maziwa yake yalipata moto.