Saladi ya Lushoto Katika Joto la Dar

Saladi ninayonunua hapa Dar es Salaam hulimwa Lushoto, juu kwenye milima ya Usambara, ambako watu hulala na blanketi. Husafiri usiku ndani ya matenga, huingia sokoni alfajiri, na saa nne asubuhi iko kwenye meza ya genge mtaani kwetu, joto likikaribia nyuzi 30. Asilimia 95 hivi ya uzito wake ni maji. Karibu kila nililojifunza kuhusu kuitunza linaanzia hapo: maji yabaki ndani ya jani, yasikae juu yake.

1. Tazama kitako

Mama mmoja wa genge ndiye aliyenifundisha. Nilikuwa nachagua majani yanayong'aa, akaniambia, “Mwanangu, hayo nimeyamwagia maji sasa hivi. Geuza uone kitako.” Pale kisu kilipopita, saladi iliyokatwa karibuni ina weupe. Iliyokaa imegeuka rangi ya kutu, kisha kahawia. Siku hizi nageuza kwanza, bei nauliza baadaye. Wapo wauzaji wanaonuna, nawaacha wanune.

2. Ya wiki nzima usiioshe siku ya kuinunua

Matone yanayobaki katikati ya majani ndiyo yanayoleta ute na harufu mbaya, kwa kuwa bakteria wa uozo hustawi penye unyevu. Mimi nabandua majani ya nje yaliyovunjika, naiviringisha saladi ndani ya kitambaa kikavu cha pamba, kisha naiweka kwenye kopo pana lenye mfuniko. (Zamani ilikuwa mifuko ya rambo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Juni 2019, na kusema kweli kopo ni bora zaidi: majani hayapondeki.)

Kitambaa na kopo, vyote viwili vinahitajika. Hewa ya friji ni kavu na hunyonya maji ya jani, ndiyo maana saladi iliyoachwa wazi kwenye rafu hulegea kesho yake. Kopo linaizuia hewa hiyo. Lakini ndani ya kopo jani bado linapumua na kutoa mvuke, na mvuke ukigeuka kuwa matone unarudi kulekule kwenye ute. Kitambaa ndicho kinachoyanywa matone hayo. Kikilowa, nabadilisha. Kopo lenyewe nalisogeza mbali na ukuta wa nyuma wa friji, kwani barafu huchana chembe za jani, na likiyeyuka linabaki kama limechemshwa.

3. Ukiosha, kausha kweli

Kukung'uta juu ya sinki hakutoshi. Nyumbani kwetu kuna kanga kuukuu, safi, ya kazi hiyo tu. Majani yaliyooshwa yanawekwa katikati, pembe nne zinakusanywa, mtu anatoka uani na kuizungusha kwa nguvu mpaka matone yaache kuruka. Watoto huigombania kazi hiyo.

4. Majirani wabaya

Embe, parachichi, ndizi mbivu, tufaha na hata nyanya iliyoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo ndiyo inayoyaivisha matunda. Saladi haina cha kuivisha. Yenyewe hutokwa na madoadoa ya kahawia kwenye mshipa wa katikati ya jani, na watu husingizia friji mbovu. Msimu wa maembe, Novemba hadi Februari, najua kabisa kwamba droo moja haiwezi kubeba vyote viwili.

5. Baridi si dawa ya kila kitu

Tango likikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 hupata vishimo vya majimaji kwenye ganda, na friji ya nyumbani huwa karibu nyuzi 4. Kwa hiyo matango nanunua ya siku mbili tu. Nyanya ambayo haijaiva vizuri ikiingia friji huacha kuiva, na iliyoiva hupoteza utamu na harufu. Zangu hukaa kwenye ungo jikoni, na ile inayoanza kulainika ndiyo inayotangulia kukatwa. Hoho inapenda ubaridi wa wastani, hivyo mlango wa friji unaifaa. Karoti ni ngumu kuharibika ukishayakata majani yake, kwa sababu majani hayo huendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi.

6. Giligilani

Punguza ncha za mashina, simamisha kwenye glasi yenye maji kidogo, badilisha maji kila siku. Basi.

7. Umeme ukikatika

Nchini Nigeria, mwalimu Mohammed Bah Abba alisambaza mtungi ndani ya mtungi, katikati mchanga uliolowa. Maji yakifuka huondoka na joto, na mboga za ndani zinapoa. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Rolex mwaka 2000. Kaskazini mwa Nigeria hewa ni kavu, na naamini mtungi huo ungefaa Dodoma. Hapa Pwani hewa imeshajaa unyevu, maji hayafuki upesi, na ubaridi unakuwa kiduchu. Umeme ukianza kusumbua nanunua ya siku hiyohiyo, asubuhi.

8. Kulegea si kuoza

Jani lililolegea limepungukiwa maji tu. Lizamishe kwenye maji baridi kwa nusu saa hivi, chembe zake zitayanywa na jani litasimama tena. Yawe maji salama ya kunywa, kwa kuwa saladi haipikwi. Lenye ute au harufu, hilo halifufuki.

9. Ikishakatwa, saa inahesabu

Chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga, kwa hiyo kachumbari yangu inatiwa chumvi na ndimu mezani, pilau ikishapakuliwa. Ikibaki mezani zaidi ya saa mbili kwenye joto letu hili sirudishi kwenye friji. Inakwenda kwa kuku.