Mita Yetu Haijui Usiku wala Mchana

Waama, Kiswahili si cha hadithi na mashairi pekee. Hata hesabu na fizikia zaelezeka kwacho. Ndiyo maana mwaka huu nimeamua kuwaandikia juu ya mita ya stima, kwani kutoielewa nusura kumkoseshe mama yangu mshahara wake.

Mama ni mpishi katika nyumba moja ya zamani mtaani Lavington, nasi twaishi katika kijumba cha nyuma. Nyumba hiyo hutumia stima kwa kila kitu: jiko, friji, pasi, na hita ya maji yenye tangi la lita 100. Gesi hakuna, makaa hayaruhusiwi. Binti wa mwenye nyumba alipokuwa akikaa humo, tokeni ya shilingi 3,000 ilifika siku kumi na tatu. Mwezi wa Juni mwenye nyumba mwenyewe, ajuza ambaye mama humwita Madam, alirudi kutoka Uingereza alikokuwa kwa mwanawe. Tokeni zikaanza kuisha kwa siku tisa!

Jioni moja alimwita mama. "Stima yangu yaishia huko nyuma kwenu. Mwezi huu nitakata shilingi 1,500."

"Sawa, Madam," mama akajibu. Usiku ule sikumsikia akiimba akiosha vyombo.

Mimi nami nikajiambia, mwenye macho haambiwi tazama. Nikachukua daftari nikaanza kupima.

Kwanza, tuelewane kuhusu yuniti. Yuniti moja ni stima inayotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Ukitaka kujua kifaa kimekula yuniti ngapi, zidisha wati kwa saa, kisha ugawanye kwa 1,000. Sisi tuna balbu mbili za wati 9, tunaziwasha saa nne kila usiku: ni yuniti 0.5 kwa wiki. Pasi ya wati 1,000 tunaitumia nusu saa mara mbili kwa wiki: yuniti 1. Jumla ni yuniti 1.5 kwa wiki nzima. Je, hizo ndizo zingemaliza tokeni?

Pili, nikaisoma mita saa nne usiku, watu wote walipolala, na tena saa kumi na mbili asubuhi kabla mtu hajagusa swichi. Mita ya tokeni huonyesha yuniti zilizobaki, kwa hivyo unatoa ya asubuhi kutoka ile ya usiku. Usiku wa kwanza ilikuwa 41.6, asubuhi 39.5. Yuniti 2.1 zimekwenda na hakuna aliye macho! Usiku wa pili nilimwomba mama azime hita ukutani. Zikatumika 0.4 tu, nazo ni za friji. Tofauti ni 1.7. Yaani hita ilikula usiku mmoja kuliko kijumba chetu kwa wiki.

Kumbe hita haikuwa ikizimwa kamwe. Mama alikuwa na desturi ya kuiwasha alfajiri na kuizima watu wakishaoga, lakini Madam aliporudi alimkataza. "Hiyo haiguswi," alisema. "Hunywa stima ya usiku ya bei rahisi, na kampuni huizima yenyewe."

Madam hakuwa akisema uongo. Kwenye ukuta wa nyumba ile lipo sanduku lenye nafasi ya mita mbili. Zamani Nairobi kulikuwa na bei ya pekee ya kuchemshia maji nyumbani. Hita ilikuwa na waya wake na mita yake, na kampuni ilikuwa na haki ya kuikatia stima saa ambazo watu wengi wanatumia. Kwa fadhila hiyo mteja alitozwa kidogo. Orodha ya bei ya mwaka 2008 bado ilikuwa na fungu hilo. Huko Uingereza nako, tangu mwaka 1978, upo mpango wa Economy 7 ambao humpa mteja saa saba za usiku kwa bei nafuu.

Sababu yake ni hii. Stima haiwekwi ghalani kama mahindi. Kwa sehemu kubwa lazima itumiwe inapozalishwa. Jioni kila mtu anapika na kuwasha taa, lakini usiku wa manane mitambo kama ile ya mvuke wa Olkaria iko tayari na wateja wamelala. Kwa hivyo bei ya usiku hupunguzwa ili watu wahamishie kazi huko.

Swali likabaki: je, sisi tungali na bei hiyo? Jumamosi nilipanda matatu hadi mjini, nikaingia saiba moja barabara ya Tom Mboya, nikachapishiwa orodha iliyopitishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli mwezi wa Aprili 2023. Nikapata kwamba bei ya majumbani hufuata wingi, haifuati saa. Asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi aliwekewa shilingi 12.22 kwa yuniti. Wa kati ya 31 na 100 alitozwa 16.30. Anayepita 100 alitozwa 20.97, tena kwa yuniti zote, si zile za ziada tu. Hizo ni bei za msingi, kodi na ada nyingine huja juu yake. Bei ya saa ilikuwepo, ndiyo, lakini kwa viwanda, vilivyoanza kuipata Desemba 2017, na kwa kuchaji magari ya umeme: shilingi 16 kwa kawaida na 8 saa za matumizi machache. Hita ya maji haimo.

Basi nikapiga hesabu. Yuniti 1.7 kwa saa nane ni 5.1 kwa siku, na 153 kwa siku thelathini. Zidisha kwa 20.97, unapata shilingi 3,208 kabla ya kodi. Fedha hizo zilikuwa zikilipia joto linalotoka tangini na kupotea hewani!

Je, kuiwasha alfajiri kwatosha? Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kwahitaji kilojuli 4.2 × 100 × 40, yaani 16,800, ambazo ni yuniti 4.7 hivi. Hita ya wati 3,000 huimaliza kazi hiyo kwa dakika 93. Ukiiwasha saa kumi na nusu, saa kumi na mbili maji yako tayari.

Nilimpa mama daftari, naye akampelekea Madam. Alivaa miwani akasoma kurasa zote, akauliza, "Nani alifundisha huyu mtoto?" Kesho yake fundi akaja kulifunika tangi blanketi la kuzuia joto, nayo hita ikarudi kuwashwa alfajiri. Tokeni iliyofuata ilifika siku kumi na tatu. Madam hakuomba radhi, lakini mwisho wa mwezi mshahara ulitimia, hata shilingi haikupungua.

Ndugu msomaji, ukisikia kwamba usiku stima ni rahisi, uliza kwanza: kwa nani, na kwa orodha ya mwaka gani? Kisha soma mita yako mwenyewe usiku na asubuhi. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mwenye daftari na kalamu huitafuta.